Ndege wanaorudi kaskazini: jinsi ya kuwatazama Nairobi mwezi Machi na Aprili

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili, ndege waliokuja Afrika Mashariki kukwepa baridi ya Ulaya na Asia hufunga safari ya kurudi kwao kutaga. Wengine wamekaa Nairobi tangu Oktoba. Wengine wanatoka Tanzania, Msumbiji, hata Afrika Kusini, na hutua hapa siku moja au mbili tu kujaza tumbo kabla ya kuvuka nyika kavu za kaskazini mwa Kenya. Kule waendako ni majira ya kuchipua. Hapa ni masika, na mvua hiyo ndiyo inayomfaa mtazamaji. Huwateremsha waliokuwa wakiruka usiku, na huwatolea wadudu wa kula.

Majina ya Kiswahili ya ndege hubadilika kutoka pwani hadi bara, kwa hiyo pale penye utata tumeweka jina la kisayansi kando, au peke yake.

Chagua mahali pawili, usitangetange

Kosa linalowapotezea watu msimu mzima ni kubadilisha mahali kila wiki: Jumamosi hii Karura, ijayo Naivasha, inayofuata Thika. Orodha hurefuka, lakini mtu hajui nani amefika na nani ameondoka, kwa kuwa hana cha kulinganisha. Chagua mahali pamoja penye miti na pamoja penye maji. Rudi hapo kila wiki kwa wiki sita au saba, saa ile ile, kwa njia ile ile. Ifikapo wiki ya tatu utakuwa umewazoea wakazi wa pale na sauti zao, na mgeni akitua utamtambua kabla hujamjua jina, kwa sababu hafanyi wanavyofanya wenyeji.

Kwa upande wa miti kuna chaguo tatu nzuri. Arboretum, yenye takriban hekta 30, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kutoa kuni za reli, na iko karibu na katikati ya jiji kiasi kwamba unaweza kutembea. Ina nyasi zilizokatwa, kingo za msitu na kijito upande wa chini, na mchanganyiko huo ndio unaowavuta ndege wa kupita. Tahadhari moja: imepakana na eneo la Ikulu. Usielekeze darubini wala kamera upande huo, hata kama kipanga ametua juu ya ukuta. Maelezo yako kwa askari yatachukua asubuhi yote.

City Park, Parklands, ina mabaki ya msitu wa asili na kivuli kizito. Ni mahali pazuri kwa ndege wanaopenda matunda na vichaka. Kima wa hapo hawaogopi mtu. Wakiona mfuko wa karatasi wanakuja moja kwa moja, kwa hiyo chakula kibaki nyumbani au ndani ya begi lenye zipu. Nenda mkiwa wawili au zaidi na mbaki kwenye njia zenye watu.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, na ukubwa huo ndio udhaifu wake kwa anayeanza. Usijaribu kuumaliza msitu. Kata kipande cha kilomita mbili, kikiwemo Lily Lake, ukitembee polepole kwenda na kurudi.

Kwa upande wa maji, Manguo iliyoko Limuru ndiyo rahisi kwa asiye na gari, maana bwawa liko kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru na matatu za Limuru ni nyingi. Maji yake hutegemea mvua. Mwaka wa ukame hupungua hadi tope tupu, na tope hilo ndilo wanalolitaka ndege wa miguu mirefu. Mwaka wa mvua nyingi hujaa hadi mashambani, bata wakaongezeka na chamchanga, ndio hao ndege wa topeni, wakahamia kingo za mbali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, ina mabwawa kadhaa mazuri kama Nagolomon lililo karibu na lango kuu, Hyena Dam na Athi Basin. Huko lazima uwe na gari, na hushuki isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Lipa ada kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kabla ya kutoka nyumbani, kwani foleni ya kuhangaika na simu langoni huila ile saa bora kuliko zote.

Kisha kuna mabwawa ya majitaka ya Ruai, ambayo watazamaji huyaita Dandora. Harufu ipo, lakini kwa idadi ya ndege wa majini hakuna mahali karibu na jiji panapoyashinda, na yamo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Ni mali ya kampuni ya maji ya jiji, kwa hiyo omba ruhusa mapema na uende na kikundi.

Darubini na namna ya kuirekebisha

Nunua iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo, ambao ni upana wa mwanga unaofika jichoni, na ndani ya msitu saa moja asubuhi kinachokosekana ni mwanga. 10x42 hukuza zaidi, lakini mtetemo wa mkono nao hukuzwa, na eneo unaloliona hupungua. Inafaa bwawani, kichakani inachosha. Epuka zile zenye kitufe cha kubadilisha ukuzaji, kwa sababu picha yake hufifia ukiongeza, na epuka kabisa zile za lenzi nyekundu zinazong'aa ambazo huuzwa barabarani. Tabaka lile hurudisha nje mwanga mwekundu, na ndege anaonekana na rangi ambayo si yake.

Ukishaipata, irekebishe hivi:

1. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya mpira vya machoni. Usipovaa, vipandishe.
2. Ikunje au uikunjue katikati hadi uone duara moja badala ya mawili.
3. Simama mita 20 hivi kutoka kwenye kibao chenye maandishi. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kwa jicho la kushoto, na zungusha gurudumu la kati mpaka herufi zikae wazi.
4. Sasa funika ya kushoto. Tazama kibao kile kile kwa jicho la kulia na uzungushe pete ndogo iliyo upande wa jicho hilo, bila kugusa gurudumu la kati. Kumbuka pete imeishia wapi.

Baada ya hapo utatumia gurudumu la kati peke yake. Wengi huiruka hatua ya nne, kisha huumwa kichwa baada ya nusu saa na kuilaumu darubini.

Kumpata ndege kwenye lenzi ni kazi ya shingo. Mkazie macho, usiyaondoe, halafu inua darubini hadi ikutane na macho yako. Anayeinama kuitazama darubini kwanza akiinua kichwa hamkuti mtu. Jizoeze na njiwa wa mtaani kabla ya kwenda kumtafuta ndege wa gramu kumi juu ya mgunga.

Masika huharibu lenzi. Ukiifungia darubini yenye unyevu kwenye kasha lake, kuvu huota ndani na kuitoa ni gharama. Iache wazi chumbani usiku mzima, kisha ihifadhi na vijifuko vya silika. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga. Lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Pindo la shati limekwangua lenzi nyingi kuliko mawe.

Mvua ya usiku ndiyo kalenda yako

Ndege wengi wadogo husafiri usiku na kutua alfajiri. Usiku ukiwa mweupe wenye nyota, wanapita juu kwa juu na asubuhi unakuta miti ile ile na wenyeji wale wale. Mvua ikianza baada ya saa 6 usiku na kukatika kabla ya mapambazuko, walio angani hulazimika kushuka popote walipo, na bustani iliyozungukwa na mabati na lami huwa kimbilio. Asubuhi ya namna hiyo usikose, hata kama ni siku ya kazi; saa moja kabla ya ofisi inatosha. Athari hii ya hali ya hewa inajulikana vizuri Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwafunga pete za utambulisho mguuni ndege walioshushwa na ukungu na taa za hoteli, ingawa huko kilele ni wakati wa kuja, Novemba na Desemba.

Kama mvua bado inanyesha kulipopambazuka, usirudi kulala. Subiri chini ya kibanda. Nusu saa ya kwanza baada ya mvua kukatika, ndege wote hutoka kujikausha na kula kwenye upande wa mti unaopigwa na jua.

Jua la Nairobi huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi, na saa mbili zinazofuata ndizo za kazi. Ikifika saa 4 miti hunyamaza, watu wengi huondoka, na wanakosea. Hewa ikipata joto, wasafiri wa mchana huanza kupanda nayo: tai na mashakivale (aina ya mwewe) wa kaskazini, korongo weupe, na keremkerem, wala-nyuki, kwa makundi. Kaa kwenye nyasi, egemea mti, na utazame juu kuanzia saa 4 hadi saa 7 mchana, hasa kwenye kingo za mawingu meupe, ambapo doa jeusi huonekana kwa urahisi kuliko kwenye buluu tupu.

Vaa suruali ndefu na uchomeke miguu ya suruali ndani ya soksi. Masika ni msimu wa siafu City Park na Karura, nao hupanda kimya kimya na kuuma kwa pamoja. Tazama chini kabla ya kusimama mahali. Ukishaanza kuvua viatu, ndege umemkosa. Manguo, wanakolisha ng'ombe, tatizo ni kupe, na dawa ni ile ile ya soksi pamoja na kujikagua ukifika nyumbani.

Miti: sikiliza, simama, kisha tazama

Ingia, tafuta ukingo wa uwazi wenye jua nyuma yako, na usimame robo saa bila kusogea. Ndege wadudu-kula hutembea kwa makundi ya mchanganyiko. Wenyeji ndio wenye kelele na ndio wanaoongoza. Wageni hujiunga kimya kimya kwa kuwa hawajui chakula kiko wapi. Kundi likifika, usimfuate mmoja aliyekuvutia. Pitia kila ndege, mmoja mmoja, hadi lipite. Wengi wa wageni hukosekana kwa sababu mtazamaji alikuwa ameganda kwa ndege aina ya chozi mwenye rangi.

Sikio hutangulia. Mwezi Machi na Aprili, ndege aitwaye kucha wa kaskazini (Phylloscopus trochilus) huanza kuimba hapa hapa kabla ya kuondoka: mfululizo wa sauti nyembamba unaoanza juu na kushuka taratibu hadi kufa. Hupenda migunga na miti yenye majani madogo. Ni ndege wa sentimita 11 au 12, na baadhi ya wanaopita Afrika Mashariki hutoka Siberia, safari ya zaidi ya kilomita 10,000. Anayechanganywa naye ni yule ndege mdogo wa njano mwenye pete nyeupe machoni, mkazi wa kila bustani ya Nairobi. Tofauti iko usoni: mkazi ana pete nyeupe kamili kuzunguka jicho, mgeni ana mstari wa nyusi uliopauka juu ya jicho na mwingine mweusi kupita ndani yake. Usitegemee unjano, kwani wale wa mashariki ya mbali huwa wa kijivu zaidi.

Usije ukadhani kila sauti mpya ni ya mgeni wa Ulaya. Zile noti tatu zinazoshuka, zinazorudiwa mchana na usiku mvua inapokaribia, ni za kekeo mwenye kidari chekundu (Cuculus solitarius), ndege wa Afrika. Kekeo wa Ulaya (Cuculus canorus) hupita wakati huo huo lakini ni kimya kabisa; humwoni ila akikatiza uwazi kwa mabawa yaliyochongoka na mkia mrefu, na mara nyingi hukisiwa kuwa kozi.

Kwenye vichaka vyenye matunda tafuta kucha kofia (Sylvia atricapilla). Dume ana kofia nyeusi, jike ana kofia ya kahawia, na kofia huishia juu ya jicho. Nduguye wa bustanini (Sylvia borin) hana alama yoyote: wala nyusi, wala kofia, wala mstari bawani. Kijivu-kahawia, mdomo mnene kidogo, jicho jeusi lenye upole. Mtu akikuonyesha ndege na kukosa kabisa la kusema juu yake, huenda ni huyu.

Wadaka-nzi wawili huwasumbua wengi. Mgeni (Muscicapa striata) ni mrefu, amekaa wima kwenye tawi lililo wazi, ana michirizi myembamba kwenye paji na kidari, na mabawa marefu yanayofika mbali kwenye mkia. Huruka, hukamata, hurudi tawi lile lile. Mkazi (Muscicapa adusta) ni mdogo, wa mviringo, kidari chake hakina michirizi iliyo wazi, na hupenda kivuli. Ukiwa na shaka, hesabu michirizi ya paji. Asipokuwa nayo, ni mkazi.

Kwenye nyasi zilizokatwa, viguuguu, ndege wembamba wa kutingisha mkia, ndio kipimo cha msimu. Yule mweusi na mweupe anayetembea hadi mlangoni pa hoteli ni mkazi (Motacilla aguimp). Wa njano (Motacilla flava) hukaa hapa miezi mingi akiwa amefifia, kisha ifikapo Machi madume huvaa manyoya mapya na kila jamii huonyesha kichwa chake: kijivu-buluu chenye nyusi nyeupe, cheusi kitupu, au cha njano kote. Kundi moja kwenye uwanja linaweza kuwa na vichwa vya aina tatu, na kila kichwa ni sehemu nyingine ya Ulaya au Asia. Waandike kwa aina ya kichwa, si kwa jumla. Mwishoni mwa Aprili utaamka siku moja na kukuta uwanja umebaki na yule wa hotelini peke yake.

Keremkerem wa Ulaya (Merops apiaster) utamsikia kabla hujamwona, sauti ya mgurumo laini inayoshuka kutoka juu sana. Inua macho, tafuta kundi linalopaa na kuelea, wakiwa makumi. Mgongo wa kahawia-nyekundu na dhahabu, koo la njano. Wakazi wa Karura wa jamii hiyo hawaendi kwa makundi makubwa ya juu. Hukaa wawili watatu kwenye ukingo wa msitu.

Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) ana mkanda mweusi kamili chini ya koo jekundu. Wakati wa jioni hukusanyika juu ya matete kabla ya kulala, na bwawa lolote lenye matete, hata dogo la Lily Lake, linastahili kutazamwa saa 12 jioni kama geti halijafungwa.

Bwawani: acha rangi, tazama miguu na mdomo

Asubuhi, simama upande wa mashariki wa bwawa ili jua liwe nyuma yako. Ukisimama magharibi utaona vivuli tu na utarudi nyumbani ukisema ndege wote walikuwa weusi. Kama una teleskopu ya miguu mitatu, maliza kazi yake kabla ya saa 4, maana baada ya hapo mazigazi huanza kucheza juu ya tope na ukuzaji wa mara 40 haukupi chochote ila mawimbi.

Karibia kwa mshazari, usiende moja kwa moja. Ndege wakiinua vichwa kwa pamoja, umefika kikomo. Simama hadi warudie kula, kisha ungoje. Chamchanga hula wakitembea na mara nyingi watakuja kwako wenyewe. Ukiwarusha, umewachomea mafuta wanayoyahitaji kwa safari, na wewe hujaona ila migongo. Ukiwa garini mbugani, zima injini na ulaze darubini kwenye kifuko cha maharagwe juu ya dirisha.

Bata wa kaskazini, kama yule mwenye mdomo mpana wa sepetu (Spatula clypeata), huondoka mapema. Watafute Machi, kwani Aprili wengi wamekwenda. Chamchanga hubaki zaidi, nao ndio mtihani wenyewe. Kwa kila mmoja uliza mambo matatu kwa utaratibu huu: ni mkubwa kiasi gani ukimlinganisha na jirani yake, mdomo ni mrefu kiasi gani ukiulinganisha na kichwa chake, miguu ni ya rangi gani. Rangi ya mgongo iwe ya mwisho, kwa sababu mwezi Aprili wanabadilisha manyoya na wawili wa jamii moja wanaweza kutofautiana kabisa.

Anayetingisha makalio bila kukoma kwenye mawe au ukingo wa kijito ni Actitis hypoleucos. Ana weupe unaopanda kama kabari kati ya kidari na bega, na akiruka hupita chini juu ya maji kwa mabawa magumu yanayopiga kidogo kidogo. Huyu utamkuta hata kwenye kijito cha Arboretum.

Wawili wanaofuata ndio hukosewa zaidi. Tringa glareola ana miguu mirefu ya njano-kijani, mgongo wenye madoa mengi, nyusi nyeupe ndefu zinazopita nyuma ya jicho, na bawa lililopauka chini. Hukaa na wenzake kwenye matope yenye nyasi. Tringa ochropus ni mweusi zaidi mgongoni, nyusi zake huishia mbele ya jicho, na akiruka unaona kiuno cheupe sana dhidi ya mabawa meusi chini na juu. Hupenda upweke, kwenye mtaro au dimbwi la kando ambalo hukulifikiria. Kama hukuona chini ya bawa, subiri aruke au mwandike kuwa hajulikani. Hakuna aibu katika hilo.

Halafu kuna jozi ya miguu mirefu ya kijani. Tringa nebularia ana sentimita 30 na zaidi, mdomo mnene uliopinda kidogo kuelekea juu, na akishtuka hutoa mlio mkali wa mapigo matatu unaosikika bwawa zima. Tringa stagnatilis ni mdogo zaidi, mweupe zaidi, na mdomo wake umenyooka na ni mwembamba mfano wa sindano. Wakisimama pamoja huna swali. Akiwa peke yake, tazama mdomo.

Mdogo kuliko wote, wa kimo cha shomoro na miguu myeusi, anayedonoa kwa haraka, ni Calidris minuta. Mwenye mdomo uliopinda chini, na ambaye mwezi Aprili kifua chake huanza kuwa chekundu cha matofali, ni Calidris ferruginea. Na ukiona kundi la ndege wenye vichwa vidogo, shingo ndefu na migongo yenye magamba, wengine wakubwa zaidi ya wenzao kwa kiasi cha kukufanya udhani ni aina mbili, ni aina moja: Calidris pugnax, ambaye dume humzidi jike sana kwa ukubwa.

Kuhesabu kundi kubwa kuna mbinu moja. Hesabu kumi kwa kweli, ona wamechukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa kumi hizo. Wakiwa mamia, tumia kipimo cha hamsini. Rudia kutoka upande wa pili na uandike wastani.

Daftari kwanza, simu baadaye

Tumia penseli; wino huyeyuka kwa mvua. Kabla ya kufungua kitabu au simu, andika ulichokiona: ukubwa ukilinganisha na ndege unayemjua (shomoro, njiwa, kunguru), mdomo, miguu, alama za uso, alikuwa anafanya nini, kwa urefu gani. Anayefungua kitabu kwanza huanza kuona kilichochorwa humo badala ya kilicho mbele yake. Chora hata vibaya. Mstari wa nyusi unaoishia mbele ya jicho ni rahisi kuuchora kuliko kuueleza.

Andika pia tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na hali ya hewa ya usiku uliopita. Jioni peleka orodha kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, au kwenye mradi wa Kenya Bird Map kupitia programu ya simu ya BirdLasser. Kenya Bird Map umegawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili hudai angalau saa mbili za kutazama kwa bidii ndani ya mraba mmoja. Unaweza kuendelea kuiongezea hadi siku tano. Orodha fupi nayo hupokelewa. Usiache ndege wa kawaida. Kunguru na shore ambao hukuwaandika hufanya orodha yako isilinganishwe na ya mwaka ujao.

Usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Mkazi anadhani kavamiwa na huenda akaacha kiota. Msafiri anapoteza muda wa kula. Kiota ukikiona, hasa vya kwera kwenye matete ambavyo hujaa wakati wa mvua, pita bila kusimama karibu, kwa sababu kima na kunguru hufuata mahali mtu anapokazia macho.

Anayetaka macho mengine ya kumsaidia ajiunge na matembezi ya Jumatano asubuhi ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971. Ukiwa mgeni, simama karibu na anayetaja majina kwa sauti na uulize "umeonaje?" badala ya "ni nani?". Jina utalisahau kesho, lakini sababu itabaki.

Mei ikiingia, miti itakuwa imenyamaza na viguuguu wa njano wamekwenda. Bwawani, hata hivyo, utaona chamchanga wachache wakiwa bado wapo, wamefifia, hawajavaa rangi. Si wagonjwa wala hawakupotea: wengi ni wa mwaka wao wa kwanza, hawajakomaa kuzaa, na safari ya kwenda haina faida kwao. Waandike kwa tarehe kila wiki hadi Juni. Usipofanya hivyo, wenzao waliokwenda watakapoanza kurudi mwishoni mwa Julai, hutaweza kusema yupi amefika na yupi hakuondoka.